Mama Mkubwa, Haikuwa Amibe Wala Nguo

Mama Mkubwa,

Asalaam aleikum huko uliko. Sikuulizi hali, maana hali yako sasa anaijua Mungu peke yake, na mimi naomba iwe njema. Acha nianze na neno lililonileta: haikuwa amibe.

Zile dawa zote za wadudu wa tumbo nilizomeza tangu nikiwa shuleni, zile zinazoacha mdomo mchungu kama umelamba betri ya gari, tulizimeza bure. Nasema tulizimeza kwa sababu na wewe ulikuwa ukimeza kidonge kimoja mbele yangu ili nisiogope. Kama kulikuwa na amibe yoyote katika nyumba ile, ilikufa zamani, tukabaki mimi, wewe na maumivu yangu.

Ugonjwa wangu una jina. Ni refu, limenichukua siku tatu kulizoea: endometriosi. Daktari ameliandika kwenye karatasi, akapiga na mhuri. Nimelitamka mbele ya mume wangu Juma, mbele ya dada zake, hata mbele ya mafundi wa garage ya jirani ambao hawakuniuliza kitu. Juma anasema nalitamka kama mtu aliyepewa cheo. Acha aseme. Mtu aliyeambiwa miaka kumi na minane kwamba ana wadudu, kisha ana jini, kisha anadeka tu, akipewa jina moja la kweli lazima alitembeze kidogo mtaani.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya amibe. Nakuandikia kwa sababu ya ile nguo.

Unajua siku ninayoisema. Zilikuwa zimebaki siku mbili ututoke. Figo zilikuwa zimeshachoka, miguu imevimba, nami nilikuwa nakukanda kwa maji ya uvuguvugu pale kitandani. Ukanishika mkono, ukasema: "Zaituni, mi njo nilipoteza nguo yako. Unisamehe, mwanangu. Iyo tumbo yako, ni mi." Kwanza nilidhani ni homa inayosema. Kisha ukanieleza mpaka mwisho, kwa sauti ndogo, ukipumzika kila baada ya maneno matatu.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu nilipoona damu mara ya kwanza, pale pale kwenye karakana yetu ya kushona viti vya magari. Ulinipa kipande cha khanga yako ya zamani, ukanionyesha namna ya kukikunja. Na kwa wanawake wa umri wako hapa Buyenzi, nguo ya kwanza ya msichana si nguo ya kuachwa ovyo. Mlezi wake anaifua kwa mkono wake, anaianika mahali pasipo macho ya watu, kisha anaichoma. Mwenye nia mbaya akiipata, wanasema, analifunga tumbo la mtoto, na likishafungwa halina mlango. Wewe uliifua vizuri. Nyumbani kulikuwa na wageni wa matanga, ukaona aibu, ukaianika nyuma ya mlango wa karakana, juu ya ule msumari wa kutundikia mabaki ya vitambaa. Asubuhi yake mafundi wa magari wakaja kama kila wiki kuchukua matambara ya kufutia oili. Msaidizi wako akakusanya kila kilichokuwa pale, akafunga furushi, akawapa.

Ulipogundua, jua lilikuwa limeshapanda. Ukatoka garage moja hadi nyingine, mwanamke mwenye heshima zake, na mtandio kichwani, ukifungua mafurushi ya matambara yenye grisi na kusema unatafuta mkasi wako. Watu wakakusaidia kutafuta mkasi! Ukarudi mikono mitupu. Na hukumwambia mtu yeyote mpaka siku ile ya maji ya uvuguvugu.

Sasa naelewa macho uliyokuwa ukinitazama nayo kila mwezi nilipojikunja. Nilidhani ni huruma. Kumbe ulikuwa unanitazama kama mtu anavyotazama chombo alichokivunja mwenyewe.

Na mimi nilifanya nini? Nilitoa mkono wangu katika mkono wako, nikachukua beseni, nikaenda kumwaga maji uani. Nikakaa huko muda mrefu kuliko maji yale yalivyotaka. Niliamini, Mama Mkubwa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mimi niliyekuwa nawacheka shangazi zake Juma na hirizi zao, niliamini palepale kwamba kuna fundi mmoja hapa mtaani aliyefutia injini bahati yangu ya kuzaa. Nilikasirika. Siku zile mbili nilikulisha uji, nilikugeuza, nilikubadilishia shuka, sikukukosea kwa mkono. Lakini neno uliloliomba sikukupa. Mtoto ndiye huomba radhi kwa mzazi, wewe ulipindua desturi ukaniomba mimi, nami nikanyamaza. Alhamisi alfajiri ukaondoka.

Mwaka mzima nilitembea na ukimya ule. Kwenye hitima yako watu walilia, mimi nikagawa sambusa. Wakasema Zaituni ana moyo wa chuma. Laiti wangejua.

Baada ya hapo maumivu yalizidi, kana kwamba yalikuwa yanangoja usiwepo. Zamani yalikuja na damu yakaondoka na damu. Mwaka huo yakaanza kuja mapema, wiki nzima kabla, yakashuka kwenye paja la kushoto, yakapanda mgongoni. Kwenda haja kubwa siku zile nilikuwa nauma mtandio. Nisamehe kwa kukutajia hayo, lakini ulinifulia nepi, huna la kuona aibu. Na mengine siwezi kukuficha tena: hata unyumba ulikuwa adhabu. Nilikuwa namwambia Juma nimechoka, kesho, keshokutwa, cherehani imenimaliza. Akaanza kulala ameupa ukuta uso, nami nikajua anafikiri simtaki. Tulikuwa watu wawili wapole tunaoumizana bila kelele.

Nilivumilia, si ndivyo ulivyonifunza? "Mvumilivu hula mbivu," ulikuwa ukisema ukinipa tena kikombe cha tangawizi. Mama Mkubwa, nakuheshimu, lakini miaka yote hiyo mbivu sikuiona hata ganda lake.

Aliyeniokoa ni kiti cha gari.

Alikuja mwanamke mmoja wa Gihosha, mkunga, Madamu Godeliva, mwenye gari dogo la zamani ambalo viti vyake vilikuwa vimetoa sponji nje kama matumbo. Siku hizi mafuta ni ya kutafuta kwa tochi, magari yanakaa nyumbani wiki nzima, na wenye nayo wanasema basi angalau tushone viti. Kwa hiyo usidhani biashara imekufa, tunaishi kwa magari yasiyotembea. Alikuja kuchagua rangi ya skai, ile ngozi ya bandia ya viti, akanikuta nimepiga magoti mbele ya kiti nilichokuwa nakivua kifuniko, paji la uso limelala kwenye sponji. Sikuwa nasali. Nilikuwa nangoja wimbi lipite ili niweze kusimama na kumkaribisha mteja.

Nikamwambia nina amibe, anisamehe. Jibu lilinitoka lenyewe, kama mtu anavyotaja jina lake. Yeye akaweka mkoba chini, akachuchumaa pembeni yangu, akauliza: "Iyo maumivu inakuja kila mwezi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kila mwezi, siku zilezile?"

Nikakubali tena.

"Apana, dada. Iyo si amibe. Amibe haijui kalenda."

Nilianza kucheka pale pale chini, na kucheka kukaniumiza, nikalia. Fikiria, Mama Mkubwa. Wauguzi wangapi, wapimaji wangapi wa kinyesi, na wazee wangapi wa dawa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Waliuliza nimekula nini. Waliuliza kama nachemsha maji. Yule wa mwisho kabla ya ndoa aliuliza kama nina mchumba, akasema nikiolewa itaisha.

Madamu Godeliva hakuchagua rangi siku ile. Aliniandikia jina la daktari wa wanawake anayemwamini, akaniambia niandike pia kila kitu kwenye daftari: siku ya damu, siku ya maumivu, mahali panapouma, na kama nimeshindwa kufanya kazi. Nikaandika miezi miwili. Kisha mimi na Juma tukapanda Gihosha kwa miguu, kwa sababu mabasi siku hiyo yalikuwa yamelala kwenye foleni ya mafuta. Mlima ule unaujua. Juma alibeba daftari kama cheti cha ndoa, na kila tulipopumzika alikuwa akilifungua na kusoma. Kwenye kona ya mwisho akasimama kabisa. Akaniuliza: "Zaituni, siku zote hizi?" Nikamjibu ndiyo, hizo zote. Akafunga daftari, akasema: "Mi nilizani umenichoka." Basi ndivyo mambo mengine ya ndoa yetu yalivyopona, juu ya mlima, kabla hata ya kumfikia daktari.

Daktari ni mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alisoma daftari lote. Wa kwanza katika maisha yangu kusoma kitu changu mpaka mwisho. Akauliza maswali ambayo mengine nilijibu nikimwangalia Juma viatu. Akanipima, akanifanyia picha ya tumbo, ile ekografi, na hakufanya haraka haraka kama wale waliokuwa wakisema kila kitu kizuri, nenda. Akaona uvimbe kwenye kifuko cha mayai cha kushoto, wenye damu ya zamani ndani yake. Akauliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia nashona viti.

"Bon," akasema, "basi utanielewa kuliko wengine. Kizazi kina bitana ndani. Kila mwezi bitana ile inabomoka, inatoka, inaota nyingine. Kwako wewe kuna bitana imeota na nje, mahali pasipo pake. Na yenyewe kila mwezi inavuja damu, ila haina pa kutokea."

Nilimwelewa, Mama Mkubwa. Wallahi nilimwelewa. Ukiniamsha usingizini nitakwambia bitana ikikaa pasipo pake inafanya nini: inavuta, inakunja, inakaza kila kitu kilicho jirani. Miaka yote nilikuwa nikisema kuna kitu kinanivuta ndani, na watu wakinitazama kama nimetaja jini.

Akasema picha na maelezo yangu na vile alivyonipima vinatosha kwake kuanza matibabu. Ugonjwa huu, akasema, hauambukizi, si saratani, hausababishwi na chakula wala uchafu, na hauponi kabisa kama malaria inavyopona. Unatunzwa. Nikasema sawa. Na hapo ndipo nikauliza swali langu, lile nililopanda nalo mlima mzima bila kumwambia Juma. Nikamuuliza kama nguo ya damu ikipotea, ikaangukia mikononi mwa mtu, inaweza kuleta hayo.

Hakucheka. Namwombea dua kwa kutocheka kwake. Aliuliza: "Siku ile ya kwanza kabisa, kabla nguo haijapotea, tumbo liliuma?"

Mama Mkubwa, niliganda kwenye kiti.

Kwa sababu nilikumbuka. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimejikunja chini ya meza ya kukatia, nimekumbatia gombo la skai nyekundu, meno yanagongana, na wewe unaniita nitoke unifundishe kukunja khanga. Nilitapika kwenye ndoo ya vifungo. Ulinikaripia kwa vile vifungo, kisha ukanipaka mafuta ya mwarobaini kiunoni. Nguo ilikuwa bado haijafika mwilini mwangu! Haijafuliwa, haijaanikwa, haijapotea. Na maumivu yalikuwa yameshafika, yamekaa, yamevua viatu.

Basi nguo iliyopotea ingeletaje kitu ambacho kilikuwa kimeshakuwepo?

Nililia pale mpaka Juma akaogopa, akadhani nimeambiwa nakufa. Nikamwambia hapana, nimefurahi. Akasema anayefurahi halii hivyo. Hakujua. Nilikuwa nalia kwa ajili yako, kwa garage zile zote ulizopita ukitafuta mkasi ambao haukupotea. Kwa miaka yote hiyo uliyolala na deni lisilo lako. Na kule Carama, kwa yule mzee wa dawa, alipouliza nguo ya kwanza ya huyu mtoto iko wapi, ukanibana mkono mpaka pete yako ikaniacha alama. Hukumjibu. Njia nzima ya kurudi hukusema neno, na tulipofika nyumbani ukasema tu: "Mutoto, tujaribu tena ya amibe." Nilikuona mkaidi. Kumbe ulikuwa unamtafuta mdudu yeyote wa kumtwisha kosa, asiwe wewe.

Daktari alikuwa na swali jingine. Akauliza kama mama yangu au dada zake walikuwa na maumivu ya namna hii, maana mara nyingine huenda katika ukoo. Mama yangu sikumjua vya kutosha, nikasema. Nikataka kusema basi, hakuna mwingine. Kisha nikaona tofali.

Tofali lako, Mama Mkubwa. Lile ulilokuwa ukiliweka kwenye makaa, ukalifunga gunia, ukalikalia nyuma ya cherehani ukishona na jasho likikutiririka. "Baridi ya ziwa," ulikuwa ukisema. Baridi gani ya ziwa, katika Bujumbura hii tunayolala bila shuka? Na siku zako zilipokoma, tofali likawa la kuzuia mlango, na ile baridi ya ziwa haikurudi tena. Uliolewa, hukuzaa, ukaachwa, ukarudi na cherehani yako kichwani. Ukanichukua mimi. Na ulipokuwa unaniona najikunja, ulikuwa unaijua njia yote, kila kona yake.

Daktari akasema hawezi kumpima mtu ambaye hayupo. Sawa, yeye ni daktari, lazima aseme hivyo. Mimi ni mwanao, na mimi nasema na wewe ulikuwa nayo. Bibi, mama yako, alikulea vizuri sana, kila mtu anasema hivyo, hakupoteza nguo ya mtoto yeyote. Sasa yako nani aliipoteza? Hakuna. Ulibeba maradhi yako mwenyewe bila kuyajua, juu yake ukabeba lawama ya yangu. Na mtu akikuuliza unasema uko salama, hamdu lillahi.

Hebu nikupe habari za sasa, maana najua unataka kujua kama ninakula.

Ninakula. Nimenenepa kidogo, dada zake Juma wanadhani ni mimba, nami nawaacha wadhani mpaka nitakapochoka. Nameza kidonge kimoja kila siku baada ya sala ya Isha, bila kuruka hata siku moja, kinachoifanya bitana ilale. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya vurugu: damu ya matone matone, kichwa kizito, na hasira ambazo sijui zilitoka wapi. Nilimfokea dereva wa teksi kwa sababu alisema mshono wa kiti chake umepinda. Haukupinda. Lakini sikupaswa kumwambia ni yeye aliyepinda. Sasa mwili umezoea. Damu imesimama. Maumivu bado yananitembelea, siku moja moja, kama mgeni anayejua hatapewa godoro. Nina dawa yake ya kumwahi kabla hajakaa, na chupa ya maji ya moto. Nimejishonea kiti kipya cha kukalia kwenye cherehani, chenye sponji mbili na mgongo, na kila baada ya kifuniko kimoja nasimama, natembea mpaka barabarani na kurudi. Watu wameshazoea kuniona nikikagua barabara kama askari.

Dawa wakati mwingine inakosekana mjini, na wiki zile zinanitia hofu kweli. Basi nikiipata nanunua ya akiba, na Madamu Godeliva ana macho katika maduka ya dawa ya Gihosha kote. Yeye sasa ni rafiki. Viti vyake vina rangi ya kahawia, na mimi ndiye niliyemchagulia.

Kila baada ya miezi sita narudi kupigwa picha. Ule uvimbe ulikuwa kama yai la kuku, mara ya mwisho ulikuwa umepungua. Ukianza kukua tena daktari atataka kufungua, naye amenieleza hivyo bila kuzunguka. Kuhusu mtoto hakuniahidi. Alisema wengine wanapata, wengine hawapati, na siku tutakayotaka kujaribu tutaacha kidonge kwa mpango na tutaona. Mimi na Juma tumeongea. Tumekubaliana kupumzika kwanza. Nataka mwaka mmoja wa kuwa na mwili tu, usio na vita. Dada yake mkubwa alipoanza maneno yake kuhusu mke wa pili, Juma alimwambia: "Dada, mi nilioa Zaituni, sikuoa tumbo." Ungempenda zaidi siku ile. Na wewe ulikuwa unasema anaongea kidogo mno!

Jambo jingine litakufurahisha. Ramadhani hii nimefunga yote. Tangu nivunje ungo sijawahi, unajua mwenyewe nilivyokuwa nabaki na siku za kulipa, na nilivyokuwa nazilipa huku nimejikunja. Nilimuuliza kwanza mke wa ustadhi kama mwanamke ambaye damu yake imesimama kwa dawa anafunga, akasema kama daktari amekuruhusu na huna damu, una udhuru gani? Nikafunga tangu mwandamo hadi mwandamo. Siku ya Idi nilisimama katika safu ya wanawake na mwili mwepesi, nikakuombea kwa mara ya kwanza bila kinyongo chini ya ulimi. Nilikuwa nimekuombea kabla ya hapo, kwa mdomo. Siku ile ilikuwa kwa moyo.

Lile kombe tulilokunywa kwa shehe, yale maneno ya Mungu yaliyoandikwa kwa zafarani yakaoshwa kwa maji, sijutii. Hayakumdhuru mtu. Ninalojutia ni kwamba hatukuwahi, mimi na wewe, kukaa chini na kuambiana ukweli: inaniuma hivi, nami iliniuma hivi. Mficha uchi hazai, tulikuwa tukiwaambia watu wengine.

Sasa nisikie, Mama Mkubwa. Ni Ijumaa mchana, Juma yuko msikitini, mlango wa karakana uko wazi, na mimi naandika juu ya meza ya kukatia. Uliniomba neno na nikakunyima. Nakupa leo: nimekusamehe. Najua hakuna kosa la kusamehe, nimekueleza kurasa hizi zote kwamba hakuna. Lakini wewe hukuniuliza kama una kosa. Uliomba usamehewe, na mzazi haombi kitu hicho kwa mwanawe kama si moyo umemjaa. Nilipaswa kusema ndiyo, kwanza, halafu ndipo nitafute ukweli. Nilifanya kinyume. Kwa hiyo mimi ndiye ninayebaki na kosa, nami naomba radhi yako, kama huko inawezekana kuitoa.

Ahadi yangu ni hii. Ikiuma, nitasema inauma, na nitasema kwa daktari, kwa mume, hata kwa mteja anayesubiri kiti chake. Sitasema baridi ya ziwa. Na mtu wangu yeyote akinishika mkono na kuniambia lililo moyoni mwake, sitakwenda kumwaga maji.

Kwaheri, mama yangu. Mungu akupe upana huko ulipo. Safari hii sikunyamaza.

Mwanao,
Zaituni